SIMU BANDIA NA MZIGO WA ASIYEJUA



Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kwa majuma machache tu katika mwaka mzima. Wenye bidhaa wanalijua jambo hilo vizuri sana. Kwenye minada na magulio yetu, kando ya ng'ombe, vitenge na masufuria, hutandikwa maturubai yaliyojaa simu. Zinang'aa, zina majina makubwa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile inayotajwa katika maduka ya mjini. Nyingi kati ya hizo ni simu halali za bei nafuu, wala hatuna neno nazo. Nyingine ni bandia, na katika kurasa hizi tunataka kuzisemea hizo, hasa tukiuliza swali moja ambalo tunaona halijaulizwa vya kutosha: hasara ya simu bandia yafaa imwangukie nani?

Wako watakaoshangaa. Tume hii imezoeleka ikisemea mauaji ya vikongwe, migogoro ya ardhi na malisho, na haki ya mjane katika mirathi. Simu, watasema, ni mambo ya vijana na ya biashara. Hatukubaliani nao. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa benki ya mahali pasipo na benki. Kwa simu mama wa Nkololo hupokea ada ya mtoto kutoka kwa kaka aliyeko Mwanza. Kwa simu mzee wa Dutwa hujua kama malipo ya pamba yake yamefika. Kwa simu huitwa bodaboda usiku mjamzito anapozidiwa. Simu ikifa, fedha zilizomo katika akaunti hazipotei, lakini mwenyewe hazifikii mpaka apate kifaa kingine. Kwa mtu wa kipato cha msimu, kifaa kingine chaweza kumaanisha mwakani.

Bandia si sawa na nafuu

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kwetu ni kawaida kuita kila simu ya bei ndogo "mchina", kana kwamba jina hilo lina maana ya ubovu. Huko ni kukosea. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye kutengeneza simu za Tecno, itel na Infinix, ni ya China, na simu zake zimefika mikononi mwa mamilioni ya Waafrika kwa sababu zilibuniwa kwa kuangalia hali zetu: laini mbili, betri la kukaa na chaji, tochi ya kumulikia njia. Kitochi cha namna hiyo kina jina lake chenyewe, na anayekinunua anajua anachokinunua. Kiwe cha bei ndogo, kiwe cha plastiki tupu, hakimdanganyi mtu.

Bandia ni ile inayosema uongo juu ya nafsi yake. Ni ile iliyoandikwa Nokla ili jicho la haraka lisome Nokia. Ni ile yenye nembo ya Samsung mgongoni na ndani yake hamna hata msumari mmoja uliotoka Samsung. Ni ile inayojitangaza kwenye kioo kuwa ina nafasi kubwa ya kutunza picha, kumbe imepangwa kusema hivyo tu, na picha zikizidi kiasi fulani huanza kufutika zenyewe. Mafundi wetu wa Somanda wanaozifungua kila siku wanaweza kuwaonyesha vioo vya kamera ambavyo nyuma yake hapana kamera, na mabetri yaliyoandikwa nguvu ambayo hayajawahi kuwa nayo.

Vitu hivi vina historia, nayo si ya wizi mtupu. Katika mji wa Shenzhen, kusini mwa China, kuna mtaa wa masoko ya vifaa vya umeme uitwao Huaqiangbei. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuviuzia viwanda vidogo kiini cha simu pamoja na programu zake, vyote vikiwa tayari. Tangu hapo karakana yenye watu wachache iliweza kuunda simu bila ya kuwa na wahandisi wake. Wachina waliziita bidhaa hizo shanzhai, neno lenye maana ya ngome ya mlimani, mahali wanapojificha waasi na wanyang'anyi ambako mkono wa serikali haufiki. Baadhi ya watu wenye elimu wameusifu utamaduni huo, wala si bila sababu. Karakana hizo zilishusha bei, zikathubutu mambo ambayo makampuni makubwa yaliyapuuza, na simu ya laini mbili, ambayo leo kila mtu wa Simiyu anaiona ya kawaida, ilienea kwa bidii yao wakati wakubwa wakingali wanasita. Lakini humo humo ndimo ilimotoka, mwaka 2009, simu iliyoitwa Blockberry, ikitangazwa kwa picha ya Rais Obama wa Marekani. Sidhani kama yuko atakayetuambia kwamba Rais huyo aliombwa ruhusa.

Kuiga peke yake si dhambi. Kila fundi ameanza kwa kuiga. Sisi wenyewe tumevaa katambuga zilizokatwa katika matairi ya magari, na tumesomea kwa koroboi zilizoundwa kwa makopo. Waliozitengeneza walitazama viatu na taa za watu wengine, wakaunda vyao kwa walichokuwa nacho. Lakini hatujapata kumwona fundi wa katambuga akigonga juu yake jina la kiwanda cha viatu cha Ulaya na kumwapia mteja kwamba ndivyo vyenyewe. Katambuga ni katambuga, na kwa sababu hiyo ni mali halali iliyofanywa na mikono halali.

Usiku wa Juni 2016

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza kuwepo kwa rajisi ya namba tambulishi za simu. Kila simu halali ina namba yake ya tarakimu 15, kama mtoto anavyokuwa na cheti cha kuzaliwa. Simu bandia ama haina namba ya kweli, ama imeazima ya mwenzake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliuanzisha mfumo huo Desemba 2015, ikatoa miezi sita ya matangazo, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba zisizotambulika zikazimwa kwenye mitandao yote. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012, ambapo simu zipatazo milioni 1.9 zilihesabiwa kuwa bandia.

Sababu zilizotolewa hatuzipingi. Simu bandia haikupimwa usalama wake. Betri lake laweza kuvimba na hata kuwaka. Haina mawimbi ya uhakika, humsaidia mwizi kwa kuwa haifuatiliki, na imeingia nchini pasipo kulipiwa kodi inayostahili. Serikali iliyoona hayo yote na kunyamaza ingestahili lawama.

Tunachokihoji ni mgawanyo wa hasara. Hebu tuufuate mzigo tangu mwanzo. Mwenye karakana aliuza, akalipwa. Mwenye kuingiza shehena aliuza kwa jumla, akalipwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo akalipwa. Aliyechukua boksi mbili tatu na kuzipeleka Mwanza akalipwa. Aliyezipandisha basi hadi Bariadi akalipwa. Aliyezitandaza mnadani akalipwa. Wa mwisho kabisa ni mkulima aliyetoa fedha za pamba, na simu ilipozimwa usiku ule hapakuwa na mtu nyuma yake wa kumdai. Hasara yote, tangu Shenzhen hadi Itilima, ilikusanyika juu ya kichwa kimoja, nacho ni kichwa cha yule aliyejua machache kuliko wote.

Wengine watajibu kwamba matangazo yalitolewa, na kwamba kila mtu alielekezwa kubonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, aione namba ya simu yake na kuituma kwenda 15090 ili aambiwe kama ni halali. Ni kweli. Lakini wengi walipima simu waliyokwisha kuinunua. Kumwambia mtu baada ya kulipa kwamba alichonunua ni bandia ni kumpa habari, na sisi tunauliza habari ya haki yake iko wapi.

Tena tulinganishe. Hadi tarehe 20 Januari 2020 kila mwenye laini ya simu alitakiwa awe ameisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, la sivyo ifungwe. Bibi ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe miaka sitini, hata mashine haizisomi alama zake, alipanga foleni ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Sisi twaona kuna jambo lililokaa kichwa chini pale mnyonge anapotakiwa kuthibitisha nafsi yake kwa kidole, huku boksi la simu elfu moja likipita bila kuulizwa kama ni kile linachodai kuwa.

Nani alijua?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alilichambua jambo la kuuza kitu chenye kasoro kwa makini ambayo hata leo yatusaidia. Alifundisha kwamba anayeuza kitu hali anaijua kasoro iliyofichika, asiseme, anatenda dhambi na biashara hiyo ni haramu. Anayeuza bila kuijua kasoro hatendi dhambi, lakini atakapoijua anawajibika kumfidia mnunuzi. Mafundisho haya hayamwachi mtu yeyote katika mlolongo huo akapenya. Mwingizaji wa shehena, ambaye anajua bei ya simu halali kiwandani na bado ananunua kwa sehemu yake ndogo, hawezi kusema hakujua. Mfanyabiashara wa jumla vivyo hivyo. Kijana wa mnadani, mara nyingi, kweli hajui. Naye ametia mtaji alioukopa katika mali asiyoweza kuipima. Tusimgeuze yeye kuwa mbuzi wa Azazeli, afukuzwe jangwani na dhambi za wengine, wakati wenye maghala wakilala salama. Lakini naye, mteja akirudi na simu iliyokufa, asimgeukie kwa matusi. Zakayo alipoguswa na Bwana hakutafuta visingizio vya soko. Alirudisha, tena mara nne.

Jambo hili si geni kwetu watu wa pamba. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliongoja kwa hamu sabato ipite ili wapunguze kipimo, waongeze bei, wapotoshe mizani na kuuza hata makapi ya ngano. Tangu ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, wakulima wetu wamelalamika mwaka hata mwaka juu ya mizani ya rula iliyochezewa, inayomega kilo za mnyonge kidogo kidogo. Malalamiko hayo ni ya haki. Na upande wa pili wako wakulima wanaomwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili marobota yawe mazito, nao wakitoka hapo huja kanisani na kusimulia jinsi walivyouziwa simu feki. Pamba yenye mchanga ni bandia. Inajidai kuwa na uzito isiokuwa nao, sawasawa na betri lile. Hatuyasemi haya ili kupunguza kosa la mwenye simu. Twayasema kwa sababu jamii iliyozoea uongo katika mizani haishtuki uongo ukija ndani ya boksi lenye picha nzuri.

Kuna pia mnunuzi anayejua. Vijana wetu wengine wanafahamu fika kwamba simu ile si yenyewe, wala hawatafuti simu. Wanatafuta nembo, ili wanapoiweka mezani harusini ionekane. Kwa hao hatuna maneno mengi. Wamenunua walichokitaka, nasi wazee tuliowafundisha kumpima mtu kwa alichoshika mkononi tuna sehemu yetu katika hilo. Hata hivyo tunaona wanaotumia mfano wa vijana hao kumlaumu kila mnunuzi wanakwepa. Husema "rahisi ni ghali", kana kwamba mwenye shilingi elfu thelathini alikuwa na uchaguzi kati ya rahisi na ghali, akachagua vibaya. Bajeti ya mwaka 2021/2022 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, katika simu janja. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Wenye mamlaka walikuwa na hesabu zao. Lakini kila simu halali inapopanda bei, turubai la mnadani hupata wateja wapya, na hesabu hiyo nayo yafaa iandikwe.

Tunachodai na tunachoweza

Sheria hazikosekani. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963 na inakataza kuweka alama ya uongo juu ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilingane na maelezo yaliyotumika kukiuza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Kinachokosekana ni njia fupi kutoka kwa mkulima wa Mwanhuzi hadi kwenye sheria hizo. Nauli ya kwenda kulalamika na kurudi hula thamani ya simu yenyewe, na mwenye kumdanganya anaijua hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunasema wazi kwamba simu zipimwe mlangoni. Namba tambulishi za shehena nzima zikaguliwe bandarini na mipakani kabla mzigo haujatoka, na zitakazoonekana bandia ziteketezwe kwa gharama ya aliyezileta. Ikitokea tena simu kuzimwa kama mwaka 2016, mnunuzi mwenye risiti arudishiwe fedha zake na aliyemuuzia, naye adai kwa aliyemuuzia yeye, hadi mzigo ufike kwa aliyejua. Halmashauri zetu, zinazotoza ushuru wa kila turubai mnadani, ziweke hapo hapo mtu wa kupokea malalamiko, angalau katika miezi ya pamba. Anayepokea ushuru wa meza amepokea na sehemu ya wajibu wa kilichopo juu yake.

Nasi katika vigango tusikae tukingoja. Kila jumuiya inaye walau kijana mmoja anayezijua simu. Na ateuliwe kwa msimu huu, awasindikize wazee na wajane wanapokwenda kununua, afanye kazi hiyo kabla fedha haijatoka mfukoni. Abonyeze zile alama, *#06#, aone kama namba inayotokea ni ile ile iliyoandikwa kwenye boksi na chini ya betri. Aulize rajisi, na jibu likija alisome lote, maana mabandia ya siku hizi huazima namba ya simu halali: jibu likitaja aina moja na simu iliyo mkononi ni ya aina nyingine, airudishe mezani. Aombe risiti, na muuzaji akikataa kutoa risiti, yatosha kuwa jibu.

Kwa wale waliokwisha kuuziwa simu bandia, tunawaomba makatibu wa jumuiya wafungue ukurasa katika daftari zao na kuandika tarehe ya ununuzi, mnada au duka, bei, jina lililoandikwa kwenye simu, namba iliyoonekana na kama risiti ilitolewa. Jina la mnunuzi libaki katika jumuiya. Nakala ziletwe kwa katibu wa Haki na Amani wa parokia kabla msimu ujao wa pamba haujafunguliwa, ili tutakapokwenda kwa Mkuu wa Wilaya na kwa FCC tuwe na karatasi mkononi.